Bata Bukini Wako Wapi? Kuwasoma Wanamuziki katika Picha za Chapa za Kijapani

Kuna picha ya mchoraji Suzuki Harunobu iliyochapwa mjini Edo, Tokyo ya leo, takriban mwaka 1766. Wasichana wawili wamekaa chumbani. Mbele ya mmoja imelazwa koto, kile kinanda kirefu cha nyuzi 13 kinachofanana na ubao uliobinuka kidogo. Anajivika vidoleni kucha za pembe za kudonolea nyuzi. Mwenzake ameshika kitabu cha nyimbo. Nje, kichaka cha hagi kimechanua, na kwa Mjapani hiyo ni ishara tosha kwamba joto limekwisha na majani yanakaribia kupukutika. Picha ni hiyo tu. Sasa sikiliza jina lake: “Bata Bukini Watuao wa Vidaraja vya Koto.”

Unarudi kutazama. Angani hakuna ndege, wala bwawani, maana hata bwawa halipo. Wako wapi hao bata?

Wako juu ya koto. Kila uzi wa koto umeinuliwa na kidaraja kidogo chenye miguu miwili, ambacho mpigaji hukisogeza mbele au nyuma mpaka uzi utoe sauti anayoitaka. Kwa kuwa kila uzi una sehemu yake, vidaraja hivyo 13 hupangika mstari wa mshazari kutoka upande mmoja wa kinanda hadi mwingine. Ukiutazama kwa jicho la mtu aliyelelewa na mashairi, mstari ule ni kundi la bata bukini wa mwituni wakishuka ziwani jioni, mmoja nyuma ya mwingine. Washairi wa China na Japani walikuwa wameshauona mfano huo zamani sana. Alichofanya Harunobu ni kuutegea fumbo, akamwachia mtazamaji alifumbue.

Naanza na picha hii kwa sababu ndani yake kuna somo karibu lote. Mtu mgeni akiona picha za Kijapani za wapiga filimbi na vinanda, huona mwezi, maua, ndege, akadhani ni mapambo ya kujazia karatasi. Mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Lakini picha ni bubu. Mchoraji anayetaka kuchora muziki ana tatizo ambalo mchoraji wa samaki hana: kitu chenyewe hakionekani. Wachoraji wa Edo walilitatua kwa kuutwika ulimwengu wa asili mzigo wa sauti. Ndege, upepo, mti na mwezi vinakwambia ni wimbo gani unapigwa, ni majira gani, na moyo wa mpigaji uko katika hali gani.

Kwanza tuelewane kuhusu picha zenyewe. Zinaitwa ukiyo-e, “picha za dunia inayoelea”, yaani dunia ya starehe za mjini: tamthilia za kabuki, wanawake warembo, matembezi ya kutazama maua. Hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa fedha na wazo, mchoraji akachora kwa wino, mchongaji akaihamishia michoro kwenye vibao, na mchapaji akapaka rangi na kukandamiza karatasi. Mwaka 1765 mjini Edo ikaenea mbinu ya kuchapa rangi nyingi, kila rangi na kibao chake, na Harunobu alikuwa mstari wa mbele. Mbao zilizopendwa zilikuwa za mcheri wa milimani, kwa sababu ni ngumu na zina nyuzinyuzi laini. Maana yake ni kwamba mti uleule ambao maua yake yamechorwa mara elfu ndio uliobeba picha zenyewe.

Ukipata nafasi ya kuona koto katika chapa ya asili, isogelee. Ili uzi mmoja uonekane kama mstari mwembamba kuliko unywele, mchongaji alilazimika kuondoa mbao pande zote mbili na kuacha tuta jembamba limesimama katikati. Kisha anafanya hivyo mara kumi na tatu, sambamba. Kisu kikiteleza mara moja, uzi umekatika na kibao kimeharibika.

Turudi kwa bata bukini. Picha ile ni moja kati ya nane zinazoitwa Mandhari Nane za Sebuleni. China katika karne ya 11 ilikuwa na mtindo wa kuchora mandhari nane za nchi ya mito ya Xiao na Xiang: mwezi wa majira ya majani kupukutika, mvua ya usiku, bata wakitua, mashua zikirudi, kengele ya hekalu jioni, na kadhalika. Wajapani wakaupenda mpango huo, wakautafutia mahali kwao, kwenye Ziwa Biwa. Harunobu na tajiri aliyemwagiza kazi hiyo, mpenda mashairi aliyejiita Kyosen, wakaingiza mandhari zote nane ndani ya nyumba. Mwezi ukawa kioo cha duara. Mvua ya usiku ikawa mchemko wa chungu cha maji ya chai. Kengele ya hekalu ikawa saa inayogonga. Mashua zenye matanga zikawa kitambaa kinachopepea kwenye fremu ya kuanikia. Na bata wakatua juu ya koto. Ni utani, lakini utani wa watu waliosoma: usipoijua China na usipolijua Ziwa Biwa, hucheki. Wajapani huuita mtindo huu mitate, kuonyesha kitu kimoja huku ukikusudia kingine.

Msikilizaji wa taarab hahitaji kuelezwa zaidi hapo. Amezoea kusikia waridi likiimbwa na kujua kwamba bustani haihusiki.

Na kwa kuwa taarab imetajwa, koto yenyewe ina njia ya ajabu iliyofika kwetu. Mwaka 1912 mtu wa Nagoya aitwaye Morita Goro alibuni kinanda kidogo cha nyuzi chenye vitufe kama vya taipureta, kikaja kuitwa taishokoto. Kilisafiri baharini na kuingia kwenye taarab ya pwani ya Kenya. Wapo waliocheza harusini Mombasa kwa sauti yake bila kujua kwamba ndani ya jina lake mna neno koto.

Sasa upepo. Katika chapa nyingi mwanamke anayepiga koto amewekwa karibu na msonobari. Sababu iko kwenye shairi la karne ya 10 la Saigu no Nyogo, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyeishi kati ya 929 na 985. Anasema anasikia upepo wa misonobari ya mlimani ukiingiliana na sauti ya koto, na anajiuliza muziki huu ulianzia kwenye “o” ipi. Hapo ndipo utamu ulipo: o ni uzi wa kinanda, na o ni mgongo wa mlima. Neno moja, maana mbili, na shairi zima linaning’inia hapo. Tangu wakati huo msonobari na koto vimekuwa kama mke na mume. Wanywaji wa chai wakaongeza chao: sauti ya chungu kinachochemka nao huiita upepo wa misonobari.

Msonobari una jambo jingine tena. Kwa Kijapani ni matsu, na matsu pia ni kungoja. Kwa hiyo mwanamke akiwa peke yake na koto, na tawi la msonobari likamwinamia, mtazamaji wa Edo hakuhitaji maelezo kwamba kuna mtu anayengojwa na hajaja. Hata mdudu aliingizwa katika mchezo huu. Kuna nyenje aitwaye matsumushi, “mdudu wa msonobari”, ambaye kwa washairi alikuwa pia “mdudu angojaye”. Watu wa Edo walipenda sana muziki wa nyenje. Hiroshige alichora watu waliopanda kilima cha Dokan mjini humo jioni, si kwa sababu nyingine ila kuwasikiliza.

Usishangae wadudu kuhesabiwa kuwa wanamuziki. Katika utangulizi wa Kokinshu, mkusanyiko wa mashairi ulioagizwa na mfalme takriban mwaka 905, Ki no Tsurayuki anamtaja ndege uguisu aimbaye kati ya maua na chura akaaye majini, kisha anauliza: katika viumbe vyote vyenye uhai, ni kipi kisichoimba? Ukiianza safari na wazo hilo, mwanadamu na filimbi yake ni sauti moja tu kati ya nyingi, na mchoraji anayemchora mpiga filimbi bila ndege wala wadudu amechora nusu.

Vyombo vyenyewe vimejaa viumbe na mbingu. Koto ilitazamwa kama joka lililolala, na mafundi waliziita sehemu zake kwa majina ya mwili wa joka: pembe za joka, ulimi wa joka, mkia wa joka. Hutengenezwa kwa mti wa kiri, ambao hadithi zinasema ndio mti pekee anaokubali kutua ndege wa ajabu hoo. Kinanda kiitwacho biwa ni ndugu wa udi wetu, maana wote wawili wametokana na vinanda vya zamani vya Uajemi na Asia ya Kati, mmoja ukaelekea magharibi na mwingine mashariki. Biwa ina matundu mawili kifuani yaliyokatwa kama hilali, yanaitwa nusu-mwezi, na tundu la tatu limefichwa chini ya kishikio cha nyuzi. Hilo la tatu huitwa mwezi uliojificha. Fikiria jambo hilo: kinanda kina mwezi usioonekana, na hakuna mtazamaji atakayejua upo asipoambiwa.

Shamisen, kinanda kingine cha nyuzi, ina historia ya mtaani zaidi. Iliingia Japani kutoka visiwa vya Ryukyu katika karne ya 16 ikiwa imewambwa ngozi ya nyoka, lakini huko bara nyoka wakubwa hawakupatikana, wakaanza kuwamba ngozi ya paka au mbwa. Koto ilikuwa ya binti wa watu na wa nyumba kubwa. Shamisen ilikuwa ya majumba ya starehe, kabuki, na mashua za mto Sumida usiku wa kiangazi. Ndiyo maana katika chapa za watu wa mjini shamisen haidai msonobari wala joka. Huipata pamoja na maji, taa, na maua ya mcheri ambayo wiki moja yapo na wiki ijayo yameanguka.

Biwa na maji ni habari ndefu kidogo. Benzaiten, mungu wa kike wa muziki, ni Saraswati wa Wahindu aliyefika Japani kwa njia ya dini ya Buddha. Kwa asili ni mungu wa mto, na hata alipohama hakuacha maji: mahekalu yake hujengwa visiwani na kando ya maziwa, naye huchorwa akiwa na biwa mapajani. Hekalu moja liko Chikubushima, kisiwa cha Ziwa Biwa, ziwa ambalo jina lake huhusishwa na umbo la kinanda hicho. Mnyama wake ni nyoka. Hiroshige ana picha ya karatasi tatu inayoonyesha wanawake wa vyama mbalimbali vya muziki wakimiminika kwenye pango la Benzaiten kisiwani Enoshima, kila chama kimebeba miavuli yenye alama yake, na mawimbi yakipiga miamba pembeni. Humwoni mtu yeyote akipiga kinanda. Bahari ndiyo inayopiga kelele.

Filimbi ni mwenzi wa mwezi. Hapa sina budi kukaa kidogo na picha moja ya Tsukioka Yoshitoshi ya mwaka 1883, nayo ya karatasi tatu, kwa maoni yangu ndiyo chapa bora kuliko zote zilizowahi kuchora muziki. Ofisa wa zamani aitwaye Fujiwara no Yasumasa anatembea usiku nyikani huku akipuliza filimbi. Nyuma yake, ameinama kwenye nyasi ndefu, yumo jambazi Hakamadare, mkono uko kwenye upanga. Anataka kumuua amvue nguo nzuri. Mwezi mkubwa umetanda nyuma ya mawingu. Nyasi zote zimelala upande mmoja kwa upepo, na upindo wa vazi la Yasumasa unapepea hivyohivyo.

Tazama nyasi. Zinafanya kazi mbili. Zinamficha jambazi, kwa hiyo ni hatari. Na zinainama kwa mawimbi, kwa hiyo ni sauti. Ni kama vile pumzi iliyotoka kwenye filimbi ndiyo iliyozilaza. Hadithi ya kale inasema jambazi alimfuata, akajaribu, akashindwa kila mara kwa jinsi yule bwana alivyokuwa mtulivu, mwisho Yasumasa akamchukua nyumbani na kumpa nguo. Yoshitoshi hakuchora mwisho huo. Amesimama kwenye nukta ambapo wimbo bado unaendelea, na uhai wa mtu umeshikwa na pumzi yake mwenyewe. Aliirudia hadithi hii kwa ukubwa mdogo katika mfululizo wake wa picha mia za mwezi, uliotoka kati ya 1885 na 1892, ambamo wapiga filimbi ni kadhaa.

Kwa nini mwezi na filimbi? Jibu moja ni la kawaida kabisa: usiku ndipo filimbi husikika mbali. Mpigaji anasikika bila kuonekana, na mwezi unaonekana bila kusikika, basi viwili hivyo hukamilishana. Jibu la pili ni hadithi. Vijana wa kale wa Kijapani hawaishi kupiga filimbi nje ya ukuta wa binti anayepiga koto ndani; kijana Ushiwaka na binti Joruri ndio maarufu zaidi, na wachoraji wa Edo hawakuchoka kuwachora, mara nyingine wakiwavika nguo za mtindo wa mjini wa wakati huo. Na kuna kulungu. Msemo wa zamani husema kulungu wa majira ya kupukutika huja kwa filimbi, kwa kuwa dume anadhani ni sauti ya jike, kumbe ni mwindaji. Kulungu huyo kwa kawaida huchorwa na majani mekundu ya mti wa momiji. Kwa hiyo filimbi ikiwa pamoja na majani mekundu, harakisha kujiuliza nani anamwinda nani.

Hapa ndipo napenda kuonya dhidi ya kamusi. Kuna vitabu na kurasa nyingi zenye orodha: korongo ni maisha marefu, mwezi ni upweke, ua la mcheri ni ufupi wa maisha. Si uongo, ila zinapotosha, kwa sababu alama hizi hazifanyi kazi moja moja. Zinafanya kazi kwa jozi. Uguisu anakuja na ua la mplamu, korongo na msonobari, shomoro na mwanzi, kulungu na momiji. Jozi ikivunjwa, mtazamaji wa zamani alishtuka na kutafuta sababu. Na mara nyingi kiungo kimo kwenye lugha, kama tulivyoona kwenye o na matsu, kwa hiyo hakuna orodha itakayokupa maana bila kukupa neno.

Siasa nayo ilikuwamo. Mwaka 1842 serikali ya shogun, yule mtawala wa kijeshi, katika kampeni yake ya kubana anasa, ilipiga marufuku picha za waigizaji, makahaba na geisha. Wachapishaji waliokuwa wakiishi kwa picha hizo wakakimbilia hadithi za kale, mashujaa na mandhari. Mwanamke mwenye koto angeweza kupita kwa mkaguzi akiwa binti wa hadithi ya miaka mia nane iliyopita, ingawa mtindo wa nywele zake ulikuwa wa juzi. Watu waliozoea mitate hawakupata shida kuelewa.

Nimeiacha makusudi hadi sasa picha isiyofuata lolote kati ya haya. Katika mfululizo wa Hiroshige wa vituo vya barabara ya Tokaido, uliotoka takriban 1833 na 1834, kuna kituo cha Futakawa. Nyika kavu ya rangi ya udongo, yenye misonobari midogo iliyodumaa. Wanawake watatu wanatembea kuelekea kibanda cha chai. Ni goze, wanamuziki vipofu waliokwenda kijiji hadi kijiji wakiimba kwa shamisen ili wapate riziki. Vinanda viko nao, wamechoka, hakuna anayepiga.

Hakuna mwezi. Hakuna ndege, ua wala jani jekundu. Misonobari ipo, lakini ni vichaka tu, haimwinamii mtu. Jozi zote ambazo Hiroshige alizijua kuliko mtu yeyote wa zama zake, hapa amezinyima karatasi. Mwezi angeutundika pale, ungekuwa wetu sisi tunaotazama, wao usingewafaa kitu. Alichowawekea mbele ni kibanda, na bango linalotangaza mochi maarufu ya hapo, kitafunio cha mchele, iliyofungwa kwa jani la kashiwa. Bango lenyewe hawataliona. Watafika kwa harufu, au kwa sauti ya mwenye kibanda akiwaita.